Mashine Isiyokata Vidole

Sanduku lilipofika, Mama Mkasi hakulifungua upesi. Alilizungusha mezani, akalipapasa pembe, akaliinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua kitambaa akitafuta kasoro. Lilikuwa limetumwa na binti yake anayeishi mbali, na juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye meno meupe akilichekea tango. Mama Mkasi hakuwaamini watu wanaochekea matango. Alikwenda kutafuta kitu cha kufungulia.

Jina lake lilitokana na kazi. Alikuwa mkata vitambaa kwenye karakana ya kushona sare mpaka alipostaafu. Wenzake walikaa kwenye cherehani. Yeye alisimama peke yake kwenye meza ndefu katikati ya chumba. Kitambaa kilitandazwa tabaka juu ya tabaka, akapiga chaki, akaingiza mkasi mkubwa, na vipande vikatoka vinafanana kama pacha. Angekosea yeye, shule nzima ingevaa suruali zenye mguu mmoja mfupi. Hakukosea. Hilo alipenda kulisema, na alipolisema hakuona haya hata kidogo.

Siku hizi vidole vilikuwa vimejikunja. Baridi yabisi ilianzia kwenye gumba, ikaona pazuri, ikawaita ndugu zake. Kushika kikombe aliweza. Kufungua mlango aliweza, siku zikiwa njema. Lakini kisu alikuwa hakiwezi tena, na alikuwa hakubali kwamba hakiwezi, mpaka siku alipohangaika na boga, kisu kikateleza na kumchana kiganja. Sufuria ilianguka sakafuni kwa kishindo, na jirani wa ghorofa ya chini akapanda ngazi anahema kuja kuuliza nani kauawa.

Jirani huyo ndiye Mpishi. Alikuwa amepikia shule ya bweni miaka na miaka, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Aliitazama damu, akalitazama boga, akamfunga mwenzake kiganja kwa kitambaa cha jikoni, kisha akalimaliza boga bila kuombwa. Kesho yake jioni akaja tena, safari hii na kisu chake mwenyewe, kwa sababu visu vya Mama Mkasi, alisema, vinaona haya mbele ya nyanya. Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida. Kile kisu kikapata msumari wake ukutani, karibu na jiko, kikawa hakirudi chini.

Mpishi hakutumia ubao. Alishika kitunguu kiganjani, akakipitisha kisu kuelekea kwenye gumba lake, na vipande vikadondoka moja kwa moja ndani ya sufuria huku macho yake yakiwa kwa Mama Mkasi na mdomo ukiendelea na safari. Alijua mambo ya jengo zima. Mwalimu wa ghorofa ya juu anaanika soksi moja moja, nyingine sijui anazificha wapi. Wale maharusi wapya wanagombana kwa kunong'ona, kwa hiyo mtu inabidi asimame karibu na mlango ndipo apate maana. Mwenye nyumba anapaka ngazi rangi ili asitengeneze bomba.

"Wewe ulijuaje wanagombania nini?" Mama Mkasi aliuliza.

"Nilikuwa napita."

"Ukapita taratibu."

"Magoti yangu, dada. Unayajua magoti yangu."

Mama Mkasi alikaa kwenye kigoda akichambua mchele, akiitikia "ehe" na "acha wewe", na mara kwa mara akichungulia sufuriani. Hakuweza kujizuia. Vipande vya Mpishi vilikuwa vinene upande huu, vyembamba upande ule. "Hicho kina bega moja juu," alikuwa akisema.

"Kinakwenda tumboni, hakiendi harusini," Mpishi alijibu, akaendelea.

Niseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema: saa hiyo ya jioni ndiyo iliyokuwa siku yake nzima. Alikuwa akiamka asubuhi anaingoja. Kufagia, kufua leso, kulala kidogo mchana, yote hayo yalikuwa njia tu ya kumfikisha kwenye hatua nzito za Mpishi kwenye ngazi. Lakini karakanani alikokulia hakuna mtu aliyesimama kwenye meza ya kukatia bila kazi. Mtu aliitwa kwa kazi, na kazi ikiisha aliondoka. Haikumpitia akilini kwamba binadamu anaweza kuitwa hivi hivi, kwa sababu ya kuitwa tu.

Sasa sanduku. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kukatia mboga, nyeupe, yenye miguu minne ya mpira. Juu ilikuwa na mdomo wa kutumbukizia karoti au kiazi. Pembeni ilikuwa na kirungu cha kuchagua unene. Ukishaweka mboga ulifunika, ukakandamiza mkono wa juu kwa kiganja, hata kwa ngumi ukitaka, na kipande kikaanguka kwenye trei chini. Wembe wenyewe ulikuwa umefichwa tumboni, hauonekani wala haugusiki. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na lugha nyingi, ila si yake, lakini michoro aliielewa. Alikuwa amesoma michoro maisha yake yote.

Simu ikalia. Alikuwa binti.

"Shikamoo mama. Imefika?"

"Marahaba. Imefika, ndiyo naitazama."

"Umeona wembe ulivyofichwa? Hata ukitaka kujikata huwezi. Niliisoma vizuri kabla sijanunua, nikasema hii ndiyo ya mama. Halafu sasa hutamsumbua tena yule jirani."

Hilo la mwisho lilimpita Mama Mkasi, maana kiganja chake kilikuwa tayari juu ya mashine. Aliaga haraka, akatumbukiza karoti, akakandamiza. Tak. Akakandamiza tena. Tak, tak, tak. Aliokota kipande kimoja, akakipeleka dirishani, akakiangalia kwenye mwanga kwa jicho moja. Kilikuwa na unene uleule kuanzia ukingo huu hadi ule. Akaokota kingine. Kilikuwa ndugu wa kwanza, baba mmoja mama mmoja.

Alilia kidogo. Wengine watasema ni mambo ya uzee, kulilia karoti, lakini wao hawakusimama kwenye ile meza ndefu. Alikuwa ameshakubali kwamba mikono yake haitakata tena kitu kilichonyooka mpaka afe, na sasa imekata.

Jioni Mpishi aliingia, akakuta kabichi mezani na mwenyeji wake amesimama kama bwana harusi.

"Kuna nini? Umevaa kanga mpya."

"Kaa. Leo nakata mimi."

Mpishi aliizunguka mashine, akaigonga kwa ukucha. Alicheka. "Hiki ndicho kitakachokata kabichi? Dada, mimi nilikuwa namaliza gunia zima kengele ya chai haijalia."

"Basi tushindane."

"Usijipalie makaa."

"Nusu yako, nusu yangu."

Mpishi akachukua kisu chake msumarini, akaipasua kabichi, na kwa heshima ya mchezo akamgawanyia Mama Mkasi nusu yake katika vipande vinavyoingia kwenye ule mdomo. Kisha wakaanza. Mpishi alikuwa na kasi, hakuna wa kumnyima sifa hiyo. Kisu kilikuwa hakionekani. Lakini mashine haikuwa na magoti wala pumzi ya kuvuta. Mama Mkasi alikandamiza kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kisigino cha mkono, na nyuzi za kabichi zikamiminika nyembamba, ndefu, sawasawa. Alimaliza huku Mpishi akiwa bado hajafika kwenye kisiki.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, kicheko ambacho hata yeye alikuwa amesahau kwamba anacho. Na angeishia hapo, pasingekuwa na hadithi. Lakini mkata vitambaa ni mkata vitambaa. Alichukua uzi mmoja wa kabichi yake na mmoja wa Mpishi, akazilaza sambamba kwenye sahani, kama walivyokuwa wakifanya karakanani kumwonyesha mwanagenzi alipoharibu.

"Ona," alisema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Hebu ona ya kwako."

Mpishi aliangalia. Aliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kweli," alisema.

Akakifuta kisu chake upande mmoja, akakifuta upande wa pili, akakitia mfukoni. "Basi umepona, dada. Hongera."

"Mbona unaondoka? Hata chumvi sijatia."

"Nimeacha chungu motoni."

Mama Mkasi bado alikuwa na ulevi wake wa furaha, akamuitikia "haya" bila kugeuka. Aligundua wakati wa kuosha vyombo. Ukutani, karibu na jiko, msumari ulikuwa mtupu.

Kesho yake aliandaa vitunguu, kwa sababu vitunguu ndivyo vilivyokuwa vinamfanya Mpishi aropoke zaidi. Alikaa kwenye kigoda. Kiza kiliingia, na taa ya ngazi ikawaka, na hatua zilizopanda zilikuwa za mwalimu, nyepesi na za haraka. Alijiambia ni magoti. Siku iliyofuata akajiambia ni mafua. Siku ya tatu alimsikia Mpishi mwenyewe kwenye ngazi, mzima wa afya, akimuuliza mwalimu kuhusu soksi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mama Mkasi alisimama nyuma ya mlango wake, mkono kwenye kitasa, mpaka mazungumzo yakaisha. Hakufungua. Angefungua aseme nini? Hakuwa na kazi ya kumpa.

Kwa hiyo alikata. Alikata viazi, alikata matango, alikata karoti ambazo hakuna aliyezihitaji. Alijaza bakuli, akajaza na kifuniko cha bakuli. Alipika sufuria ya watu, akala mtu mmoja, akisimama, akitazama dirisha la jengo la pili ambako mtu fulani alikuwa akikunja pazia. Mashine ilifanya kazi bila lawama. Haikuchoka, haikuchelewa, haikumkata. Ila ilikuwa haijui lolote kuhusu maharusi.

Binti alipiga simu tena.

"Unaionaje, mama?"

"Nzuri."

"Vidole vipo?"

"Vyote."

"Nimefurahi sana. Nilikuwa silali nikikufikiria na visu. Sasa nalala."

"Lala, mwanangu."

Alipoweka simu chini, chumba kilikuwa kimya mpaka akasikia friji ikijikohoza. Alikuwa mpweke. Si kwamba hakuwahi kuwa mpweke kabla. Mume alikwisha kufa, karakana ilikwisha kumtoa. Lakini upweke ule mwingine ulimjia kama mvua, mtu hana wa kumlaumu. Huu alikuwa ameukata kwa mkono wake, tena ukiwa umenyooka.

Ndipo akakata kauli kwamba mashine lazima ife. Kama mashine isingekuwepo, mambo yangerudi yalivyokuwa, na hakuna mtu ambaye angelazimika kusema neno lolote gumu. Alijikaza, akaisukuma kutoka mezani. Ilidunda. Ilidunda tena, ikatua kwa miguu yake ya mpira, ikasimama wima kama askari. Akatumbukiza mpini wa mwiko mdomoni mwake na kukandamiza kwa nguvu zote. Kitu kilitoa mlio ndani, mkono ukajifunga, ukakataa kushuka. Roho ilimdunda kwa matumaini. Akautoa mwiko, akagusa kirungu, na mkono ukafunguka wenyewe, tayari kwa kazi. Waliotengeneza kitu kile walikuwa wamewafikiria watu wa kila namna, hata wenye nia mbaya.

"Mwanaharamu mkubwa wewe," Mama Mkasi aliiambia.

Akabandua majani ya kabichi mpaka ikabaki nusu, akayakata kwa hasira, kisha nusu iliyobaki akaitia kwapani na kushuka ngazi kwenda kusema uongo. Alishuka akishika ukuta. Hakuwa na mazoea ya kushuka. Siku zote Mpishi ndiye aliyepanda. Alibisha hodi.

Mpishi alifungua, akabaki amesimama katikati ya mlango. Nyuma yake televisheni ilikuwa inazungumza peke yake.

"Karibu," alisema, lakini hakusogea.

"Mashine imekufa," Mama Mkasi alisema. "Nimebaki na kabichi. Nikasema labda, kama una nafasi."

"Imekufa lini?"

"Mchana."

Mpishi aliinua macho kwenye dari, taratibu. "Dada, mimi nakaa chini yako. Nimeisikia sasa hivi. Tak, tak, tak. Kila jioni naisikia. Jana umekata mpaka taarifa ya habari ikaisha, nikawa najiuliza huyu mtu analisha jeshi gani."

Uso wa Mama Mkasi uliwaka moto. Alitaka kugeuka, lakini ngazi za kupanda zilikuwa ndefu. Alibaki ameikumbatia kabichi.

"Umekuja kuniambia uongo," Mpishi alisema, na hakuwa na ukali. Alisema kama mtu anayesoma kibao. "Sasa sema cha kweli. Unataka nini?"

"Nataka uje."

"Nikukatie?"

"Hapana. Kukata nakata mwenyewe."

"Nije kufanya nini sasa?"

"Sijui," Mama Mkasi alisema. "Uje tu. Ukae. Sina kazi ya kukupa."

Mpishi alirudi nyuma hatua moja. Alivuta waya wa televisheni kwa kidole cha mguu, akaizima. Kisha akaanza kusema akiitazama ile kabichi, si mwenzake.

"Unajua kilichoniuma? Si kwamba ulinishinda. Kushindwa na mashine si aibu, shuleni walileta ya kumenya viazi nikashukuru Mungu. Ni kile kicheko. Nimepanda zile ngazi na haya magoti, nimekueleza mambo mpaka mengine nikatunga, nikuchekeshe. Ukaitikia ehe, ehe. Halafu linakuja sanduku, ndiyo unacheka vile. Nikasema, kumbe anacho."

Mama Mkasi alitaka kumwambia kuhusu meza ndefu, na mikono yake, na kile kipande cha karoti kwenye mwanga. Lakini aliona kwamba yote hayo yangekuwa ni kujitetea.

"Maharusi ulitunga?" aliuliza.

"Maharusi ni kweli. Mwalimu nilimtia chumvi."

"Mimi nilikuwa nakungoja tangu asubuhi," Mama Mkasi alisema. "Kila siku. Ukiondoka, nilikuwa nasimama mlangoni nakusikiliza mpaka unafunga wako. Ndivyo ilivyokuwa. Sikukwambia."

"Hukuniambia."

"Sikujua kama ni kitu cha kuambia mtu."

Mpishi alimtazama. Alishusha pumzi ndefu iliyoanzia mbali, akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi.

Chumba kilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa cha Mpishi, kimechimbika kwa kukaliwa. Cha pili kilikuwa na mlima wa nguo zilizofuliwa, na ilionekana zimekuwa pale siku nyingi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukihitaji. Mama Mkasi hakuwa amewahi kukiona. Hakuwa amewahi kuingia humu. Aliiweka kabichi juu ya televisheni.

"Ngoja nitoe," Mpishi alisema, akaanza kukunja nguo moja moja na kuzihamishia kitandani. Mama Mkasi alinyoosha mkono asaidie.

"Acha. Utanipangia kwa rula."

Kiti kilipokuwa kitupu, Mama Mkasi akakaa. Wote wawili walikaa. Na hapo ikawa shida, kwa sababu hawakuwa na kitu mikononi. Hapakuwa na kitunguu, wala mchele wa kuchambua, wala sufuria ya kuchungulia ukiona neno limekuwa zito. Walitazamana, wakaona haya kama wachumba, wakatazama ukuta. Mwalimu alipita ngazini na hakuna aliyemsema.

"Binti yako anakuja lini?" Mpishi aliuliza.

Mama Mkasi alikuwa na jibu la siku zote. Alikuwa akilitoa kwa watu wa dukani, kwa mwenye nyumba, kwa yeyote aliyeuliza: karibuni, kazi zikimruhusu. Alifungua mdomo alitoe, akaona halipo.

"Haji," alisema. "Anatuma vitu."

Mpishi alitikisa kichwa kidogo.

"Mimi wangu hata vitu hatumi," Mpishi alisema.

Mama Mkasi aligeuka. Jioni zote zile, na maneno yote yale, soksi na bomba na rangi ya ngazi, na hakuwahi kujua kwamba Mpishi ana mtoto.

"Yuko wapi?"

"Sijui, dada."

Mpishi aliinuka, akachukua shati lililokwisha kukunjwa, akalikunjua lote, akaanza kulikunja upya. Kola ilikuwa inakwenda upande. Mama Mkasi aliiona kola. Hakusema kitu. Alibaki amekaa pale, mikono mapajani, mpaka mwenzake alipoweza kuendelea kusema.